BABU YAKO ALITOKA WAPI?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo ni fupi kwa maneno lakini huweza kumtia mtu mzima kijasho. Swali lenyewe ni hili: Babu yako alitoka wapi? Afisa hukuuliza anapokuandikia kitambulisho. Wazee wa kijiji hukuuliza panapotokea ugomvi wa shamba. Wakwe hukuuliza unapokwenda kuposa. Nawe uliyeingia katika Uislamu jana au juzi, au ungali unauchunguza, huulizwa kwa namna iliyo kali zaidi: Dini ya babu umeiacha, je, na babu mwenyewe umemkana?

Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo kwa nuru ya mafundisho ya Uislamu. Je, ni jambo jema kwa mwenye kuamini kuchimba asili yake? Akichimba, atafute wapi? Na akikuta jambo asilolitarajia, afanye nini?

Tuchukue mfano wa Bugwema, katika Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara. Mkoani humo wanaishi Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma na wengineo, na hapana hata kabila moja kati yao lisilosimulia habari za kuhama. Wengine husema wazee wao walivuka maji kutoka visiwani, wengine husema walitoka kaskazini. Mpaka wa leo wa Tanzania na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka 1886, mstari ulionyooka kutoka upande wa pwani hadi ziwani, penye nyuzi moja kusini ya Ikweta. Waliouchora hawakuuliza ukoo gani uko upande upi. Kabla ya hapo mtu aliyekwenda kuoa au kutafuta malisho hakuwa amevuka nchi; alikuwa amekwenda kwa jirani. Baadaye ilifunguliwa migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, ikawavuta vibarua kutoka huku na huko. Kisha ikaja Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, watu wakahamishwa tena. Kwa hiyo katika kijiji kimoja unaweza kukuta nyumba kumi zenye asili kumi.

Basi tumfikirie kijana mmoja wa Bugwema. Si mtu fulani, ni mfano tu. Anajulikana kuwa ni wa ukoo mmoja mashuhuri wa hapo, na shamba analolima linahesabiwa kuwa la ukoo huo. Siku moja bibi yake aliye mzee sana anamwambia: Mwanangu, babu yako hakuzaliwa hapa. Alitoka ng'ambo ya mpaka akiwa kijana, akafanya kazi mgodini, kisha akapokewa na mzee mmoja wa hapa akampa kiwanja na jina la ukoo wake. Kijana huyo anabaki kimya. Anajiuliza: Nitafute zaidi, au niyazike maneno haya pamoja na bibi siku atakapokufa?

Ndugu msomaji, tusilicheke swali lake. Kwake yeye shamba limo ndani ya jibu, kitambulisho kimo, na heshima imo.

Mafundisho ya Kurani Tukufu

Kuna watu wadhanio kwamba dini haihusiki na nasaba hata kidogo. Hao wamekosea. Kurani Tukufu inawaamrisha watu wamche Mungu na wachunge haki za ujamaa (4:2). Na imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahimiza watu wajifunze nasaba zao kwa kadiri ya kuwawezesha kuunga udugu. Angalia sababu aliyoitaja. Hakusema tujifunze ili tujivune, alisema tujifunze ili tuunge. Mtu asiyemjua shangazi yake hawezi kumtembelea akiugua, wala hawezi kumpa haki yake katika urithi.

Lakini wapo na wengine wadhanio kwamba nasaba ndiyo utu wenyewe. Hao nao wamekosea. Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba mataifa na makabila yalifanywa ili watu watambuane, na kwamba aliye bora mbele Yake ni yule amchaye zaidi (49:14). Kabila basi ni kama anwani ya barua. Bila anwani barua haifiki, walakini hapana mtu mwenye akili aisifuye barua kwa sababu ya anwani yake. Na katika siku ya Kiyama, yatuambia Kurani, hautakuwapo ujamaa baina ya watu wala hawataulizana (23:102).

Mfano ulio wazi kupita yote katika jambo hili ni ule wa Hazrat Zaid bin Haritha r.a. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, mwishowe akafika katika nyumba ya Bibi Khadija r.a., naye akampa Mtume s.a.w. Baba yake Haritha alimtafuta kwa miaka mingi, na alipompata akaja Makka kumkomboa. Mtume s.a.w. akamwachia Zaid hiari, naye Zaid akachagua kubaki. Ndipo Mtume s.a.w. alipomtangaza kuwa mwanawe, na tangu hapo watu wakamwita Zaid bin Muhammad.

Tafakari, ndugu msomaji. Je, duniani limewahi kuwapo jina la ukoo lililo tukufu kuliko hilo? Hata hivyo, ilipoteremka amri kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao hasa (33:6), Zaid alirudishiwa jina la Zaid bin Haritha. Jina tukufu lisilo la kweli likaondoshwa, jina la kawaida lililo la kweli likarejeshwa. Naye Zaid hakupungukiwa na kitu. Ni yeye pekee katika Masahaba aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani Tukufu. Akawa amiri wa jeshi, akafa shahidi huko Muta.

Aya hiyo ina mambo matatu, nasi tutayashika katika makala haya yote. Kwanza, kumtaja mtu kwa asili yake ya kweli ndiko kulikokaribu zaidi na uadilifu. Pili, ikiwa baba za watu hawajulikani, basi watu hao ni ndugu zetu katika dini na marafiki zetu. Kutojulikana kwa asili hakumwondolei mtu udugu. Tatu, hapana lawama kwa lililokosewa bila kujua. Lawama ni kwa lile ambalo moyo umelikusudia.

Mahali pa kutafuta

Huenda msomaji akauliza: Nimekubali kwamba kutafuta ni jema, lakini mtu wa kijijini atafute wapi?

Yafaa tutazame kwanza jinsi wengine wafanyavyo. Huko Marekani, nchi iliyojaa wahamiaji, watu wengi hutafuta asili zao katika kumbukumbu za tajnisi, yaani karatasi alizojaza babu yao alipoomba uraia. Kwa sheria ya mwaka 1802 mgeni alitakiwa kwanza atoe tamko la nia mahakamani, kisha akitimiza miaka mitano ya kukaa nchini alete ombi lenyewe na kuapa kuukana ufalme aliotoka. Kazi hiyo iliweza kufanywa na mahakama nyingi, za wilaya ndogo ziitwazo kaunti pamoja na nyinginezo, na kila moja iliandika kwa namna yake. Karatasi za zamani mara nyingi hazisemi zaidi ya jina la mtu na la mfalme aliyemkana. Ilipofika tarehe 27 Septemba, 1906, ilianza sheria mpya iliyoweka fomu za namna moja na kuagiza nakala zipelekwe Washington. Tangu hapo fomu zikaeleza tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli aliyokuja nayo mtu, na baadaye majina ya mke na watoto. Mjukuu akiipata karatasi ya namna hiyo huweza kukijua kijiji ambacho hakupata kukisikia maishani mwake.

Hata hivyo, karatasi hizo zina mapengo, na mapengo hayo yanatufundisha. Tangu mwaka 1855 hadi 1922 mke aliupata uraia kwa kumfuata mumewe, kwa hiyo maelfu ya bibi wamefichika ndani ya karatasi za waume zao. Sheria ya kwanza ya mwaka 1790 iliruhusu tajnisi kwa watu weupe walio huru tu. Waliozaliwa Afrika au wa asili ya Afrika waliruhusiwa mwaka 1870. Na mwaka 1923 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba Bhagat Singh Thind, mtu wa Punjab, hastahili kwa kuwa si mweupe. Vizuizi vya rangi viliondolewa kabisa mwaka 1952. Na wale Wamarekani weusi ambao wazee wao waliletwa kwa minyororo hawana karatasi ya tajnisi ya kutafuta. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 wazee wao waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wao. Wengi wao majina yao yalionekana mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Mubashiri wetu wa kwanza huko, Hazrat Mufti Muhammad Sadiq r.a., alipofika Philadelphia mwaka 1920 alizuiliwa kwanza asiingie; na alipoachiliwa, wengi walioukubali Uislamu kwa mkono wake walikuwa watu hao ambao vitabu vya serikali havikuwa na majina ya babu zao. Aliwaambia nini? Hakuwaambia watafute karatasi kwanza. Aliwaita ndugu, sawasawa na neno la pili la aya tuliyoitaja.

Sasa turudi kwetu. Tusidhani kwamba Afrika Mashariki haina maandishi. Magazeti ya Serikali, ya Kenya na ya Tanganyika pia, yalichapisha matangazo ya watu walioomba uraia. Katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam vimo vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri wa Kiingereza waliandika habari za koo na watawala wa kienyeji. Wakristo wana vitabu vya ubatizo. Misheni ya Nyegina karibu na Musoma ilianza mwaka 1911, na ya Wamenoni huko Shirati mwaka 1934. Mwislamu asione haya kuomba kuonyeshwa jina la babu yake katika kitabu cha kanisa, kwani ukweli ni mali ya mwenye kuamini popote aupatapo. Mwaka 2003 kilichapishwa pia kitabu kilichohaririwa na Jan Bender Shetler kiitwacho Telling Our Own Stories, chenye historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe.

Lakini kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote kijijini ni mzee aliye hai. Yeye hatakupa tarehe, ila atakupa alama: ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe katika miaka ya 1890, vita ya Wajerumani na Waingereza ya 1914 hadi 1918, mwaka wa nzige, rika la waliotahiriwa pamoja. Wewe mwenye elimu ndiwe upasaye kuziweka alama hizo mahali pake katika miaka. Uliza kwanza habari za bibi zako, maana hao ndio husahauliwa upesi. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, na uandike pia ni nani aliyesema na siku gani. Kurani Tukufu imetuamrisha kuandika hata deni la mali kwa muda maalumu (2:283). Je, deni letu kwa waliotuzaa si kubwa kuliko hilo?

Tahadhari tatu

Kwanza, karatasi si wahyi. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, na umri aliukisia. Mtu aliyelipia kodi katika kijiji cha mwenyeji wake aliweza kuandikwa kuwa wa kabila la mwenyeji. Hata Marekani watu hudai kwamba majina ya babu zao yalibadilishwa na maafisa bandarini, hali maafisa hao walifuata orodha zilizoandikwa na wenye meli, na aghalabu wahamiaji wenyewe ndio waliobadilisha majina yao baadaye. Basi linganisha ushahidi na ushahidi. Mwenyezi Mungu amekataza kuyafuata yale tusiyo na ujuzi nayo, kwa kuwa sikio, jicho na moyo vitaulizwa (17:37).

Pili, usitafute ili ujivune. Wako watu ambao, wakiisha kuingia katika Uislamu, huona haya kwamba babu zao walikuwa wavuvi wa ziwani, wakajitungia babu wa Kiarabu au wa Shirazi. Huo si Uislamu. Yeye Masihi Aliyeahidiwa a.s. hakuficha kwamba wazee wake walikuwa wahamiaji. Alieleza katika maandishi yake jinsi mzee wake Mirza Hadi Beg alivyohama kutoka Samarkand kiasi cha mwaka 1530 akakaa Punjab, mahali palipokuja kuitwa Qadian. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mubashiri na mshairi wetu aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, hakulitupa jina la Kaluta. Hadi leo, miaka mingi baada ya kufariki kwake mwaka 1964, anajulikana kwa jina hilo.

Tatu, kutafuta wazee si kuwaabudu. Twawatafuta ili tuwajue na tuwaombee wenye kustahiki kuombewa. Hatuwatafuti ili tuwachinjie kuku wala kuwaomba mvua. Mvua yatoka kwa Mola wao na wetu.

Ukweli unapogharimu

Sasa tulifikie lile lililo gumu. Yule kijana wa Bugwema ametafuta, na maneno ya bibi yamethibitika. Siku moja anaulizwa na afisa: Babu yako alizaliwa wapi? Aseme nini?

Rafiki zake watamwambia: Taja kijiji hiki, nani atajua? Huo ndio ushauri wa dunia. Lakini Kurani Tukufu imetuagiza tusimame imara katika uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili ya Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi na jamaa (4:136). Aya hii haikuacha mlango wa kupitia. Imewataja hasa wazazi na jamaa, kwa sababu Mungu ajua kwamba hapo ndipo mwanadamu ateterekapo.

Huenda ukasema: Je, Uislamu haukuamrisha kusitiri aibu za watu? Naam, umeamrisha. Lakini kusitiri ni tofauti na kusema uongo. Mpita njia akikuuliza habari za babu yako kwa udadisi, huna wajibu wa kumjibu. Unaweza kunyamaza kwa heshima. Mwenye haki ya kuuliza akikuuliza, nawe ukatia sahihi chini ya jibu lako, hapo kunyamaza kumekwisha. Na tena, kuzaliwa ng'ambo ya mpaka si aibu hata kukahitaji kusitiriwa.

Yafaa pia ijulikane kwamba mara nyingi hofu hutangulia mbele ya sheria. Kwa mfano, Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, kanuni ilikuwa kwamba raia wa nchi chini ya ulinzi wa Uingereza aliyezaliwa Tanganyika, ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia siku hiyo bila kuomba. Mzazi mmoja alitosha. Basi ikiwa baba wa kijana wetu alizaliwa Bugwema mwaka 1950, na bibi yake ni mzaliwa wa hapo hapo, kuja kwa babu kutoka ng'ambo hakukumwondolea baba uraia wake. Tazama jinsi bibi, ambaye hakuna aliyefikiri kumwandika, alivyo ufunguo wa jambo lote. Kama kijana angalidanganya, angalitenda dhambi kwa ajili ya hatari isiyokuwapo.

Lakini hatutaki kukudanganya, ndugu msomaji. Si kila hadithi huisha hivyo. Wapo ambao wazee wao wote walitoka nje na hawakujiandikisha katika ile miaka miwili iliyotolewa baada ya uhuru, na wajukuu wao wamejikuta hawana nchi. Huko Kenya Wamakonde walikaa kwa vizazi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, ndipo walipokubaliwa. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kuhubiri, walikubaliwa watu 1,670 mwezi Desemba 2020. Watu hao wangaliweza kujiita kwa kabila jingine na kupita kimya kimya, na pengine wako waliofanya hivyo. Lakini waliosema waziwazi walio wao, na wakavumilia, wamewaachia watoto wao karatasi ambayo haina uongo ndani yake.

Vivyo hivyo nchini Tanzania. Wakimbizi walioikimbia Burundi mwaka 1972 na wazao wao, watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikubaliwa uraia wa tajnisi, na mwaka 2014 wakaanza kugawiwa vyeti vyao. Na Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19 walihifadhi lugha yao na majina ya koo zao kwa vizazi vingi pasipo kitabu chochote. Vita vilipowakimbiza katika miaka ya 1990, wakarudi Tanga, na wengi wakapewa uraia. Karatasi hawakuwa nayo, kumbukumbu walikuwa nayo. Miaka hamsini ijayo, mjukuu wa mmoja wao atakishika cheti cha babu yake kama vile mjukuu wa Marekani ashikavyo karatasi ya kaunti. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 inasema kwamba tajnisi iliyopatikana kwa hila au kwa kuficha mambo huweza kufutwa. Basi uongo wa babu waweza kumdondokea mjukuu. Ukweli wa babu nao humfaa mjukuu.

Hatusemi kwamba ukweli haugharimu. Wakati mwingine hugharimu miezi ya kungoja na nauli ya kwenda mjini, na wakati mwingine hugharimu zaidi. Tunasema tu kwamba gharama ya uongo ni kubwa kuliko hiyo, kwani mwongo huishi akiwaogopa wazee wote wanaojua.

Neno kwa wenyeji

Haitoshi kumwambia mgeni aseme kweli. Yatupasa tuwaambie na wenyeji wasiufanye ukweli kuwa silaha. Ikiwa kila asemaye babu yangu alitoka ng'ambo atanyang'anywa shamba na kuitwa mtu wa kuja, basi kijiji chenyewe ndicho kinachowafundisha watu uongo, na dhambi yake haitamwangukia mwongo peke yake. Ansari wa Madina waliwagawia Muhajirina mashamba na nyumba zao. Yule mzee wa Bugwema aliyempa kiwanja kijana aliyetoka mgodini alifanya tendo la Ansari, hata kama hakupata kulisikia jina hilo. Je, wajukuu wake wataivunja sadaka ya babu yao?

Mwezi Oktoba 1961, katika Bunge la Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, aliwapinga kwa ukali. Alisema kwamba kuupima uraia kwa rangi ya mtu ni kuiabudu rangi, na kwamba muswada ukikataliwa serikali yake ingejiuzulu. Hakuwa Mwislamu, lakini katika jambo hilo alisema kweli, na kweli haina budi kusifiwa.

Wewe uliyeacha dini ya babu

Mwisho nakugeukia wewe ambaye huambiwa kwamba kwa kuukubali Uislamu umewakana wazee wako. Kurani Tukufu huwalaumu wale wasemao kwamba watafuata waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba zao hawakufahamu kitu (2:171). Lakini kitabu hicho hicho kinakuamrisha kuwatendea wazazi wako wema hapa duniani, hata kama wanakushurutisha kumshirikisha Mungu. Usiwatii katika hilo, bali kaa nao kwa wema (31:16). Kutofuata si kukana. Nabii Ibrahim a.s. aliyaacha masanamu ya watu wake akahama nchi yake, naye hakuacha kusema na baba yake kwa upole. Tena babu yako mwenyewe, ikiwa alivuka mpaka au ziwa kutafuta maisha yaliyo bora, aliacha mahali alipozaliwa bila kuwachukia waliomzaa. Wewe nawe umehama kwa roho. Mwenye babu mhamiaji asiogope kuhama.

Basi ndugu msomaji, fanya jambo moja kabla mwezi haujaisha. Nenda kwa mzee wa nyumba yenu, mwamkie kwa heshima, mpelekee chochote ulichojaliwa, kisha muulize: Babu alitoka wapi, na bibi je? Andika asemayo. Ukikuta utukufu, mshukuru Mungu na unyamaze. Ukikuta utumwa, njaa au ukimbizi, mshukuru Mungu zaidi, kwani umeona alikokutoa. Usipokuta kitu, kumbuka neno la pili la ile aya, nawe u ndugu yetu vile vile.

Kisha ukumbuke kwamba nawe unaandikwa. Siku moja mjukuu wako atauliza wewe ulitoka wapi, naye atapata karatasi ambazo leo unazitia sahihi. Kiko na kitabu kingine kiandikwacho na waandishi wasiokosea jina wala umri, na katika kitabu hicho haliulizwi kabila.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwajue watu wetu bila kiburi, tuseme kweli bila hofu, na tumpokee mgeni kama tulivyopokewa sisi. Amin.